Friji limegoma kutoa barafu, mume wangu ameshika kisu

Shikamoo Mzee Fundi,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba watoto yuko sebuleni amenuna. Ukisoma utadhani ni kisa cha ndoa, na kweli ndoa imo, lakini kimeanzia kwenye friji.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Ramadhani, shemeji yangu anayefanya kazi Dar alituletea friji kubwa la milango miwili, lile linalofunguka kama kabati la nguo, friza kushoto na friji kulia. Kwenye mlango wa friza kuna kidirisha: ukisukuma kwa glasi barafu inadondoka, ukibonyeza pembeni yanatoka maji baridi. Lilikuja kwa treni, likapandishwa huku Mwanga kwa kirikuu, na nusu ya mtaa ilitoka kuangalia. Si jipya, limetumika kwa watu, ila lilikuja zima. Halina transfoma, tunachomeka ukutani moja kwa moja. Fundi bomba akavuta kampira kembamba kutoka bomba la jikoni hadi nyuma ya friji, na kesho yake barafu ikaanza kuanguka yenyewe humo ndani, ko, ko, ko, usiku kucha. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Ujiji, hakupata usingizi. Asubuhi akasema kuna mtu anatupia nyumba mawe.

Mimi nauza juisi hapa nje: ubuyu, ukwaju, na embe msimu wake ukifika. Zamani nilikuwa nanunua barafu za mifuko kwa jirani, na zikiisha kwake na mimi nimefunga biashara. Friji hili limeniletea wateja. Wengine walikuwa wananunua juisi ili tu wamwone mwanangu akienda kujaza glasi mlangoni. Kwa hiyo Mzee, usije ukaniambia ni pambo.

Sasa shida. Tangu mwezi wa kumi vipande vya barafu vilianza kuwa vidogo na vyembamba, vingine vitupu katikati kama ganda la yai. Baadaye vikaanza kushikana humo kwenye ndoo yake. Wiki hizi mbili ukisukuma glasi unasikia mota inaunguruma tu, hakitoki kitu. Siku nyingine nakuta kidimbwi cha maji chini ya mlango. Nilipofungua nikaona pale juu, maji yanapoingilia, barafu imening'inia kama ulimi. Na samahani kwa hili, barafu inanuka samaki. Mteja mmoja aliniuliza kama juisi ya ukwaju nimeiungia mgebuka.

Baba watoto ni mtu wa kujitengenezea. Baiskeli, redio, pasi, vyote hufungua na kufunga mwenyewe, na nyingi hupona. Akachukua kisu cha jikoni akaanza kuuchokonoa ule ulimi. Nikamzuia. Akachemsha birika zima la maji ili alimwage kwenye ile ndoo ya barafu. Nikamzuia tena. Akasema, haya, mwite fundi wako. Nikamwita kijana mmoja wa mtaani. Akasikiliza ule mngurumo dakika tano, akasema mota imekufa na bodi imekufa, laki tatu na nusu. Baba watoto akamtoa nje, na mimi nikaonekana nimeleta mtu wa kumdhalilisha mbele ya mama yake. Mama mkwe yeye anasema ni kijicho tu, friji limetazamwa na watu wengi mno.

Umeme unakatika kama unavyojua, wiki hii mara tatu. Maji ndiyo afadhali, maana mwezi wa tisa mgao ulipozidi tuliweka simtanki ya lita 1,000 juu ya mnara, sasa ya kuogea hatukosi, tunamshukuru Mungu.

Naomba uniambie: ni kweli mota imekufa? Tunaweza kulitengeneza wenyewe hapa nyumbani bila kuliua? Na huyu mtu sebuleni nimfanye nini?

Mama Juisi,
Mwanga, Kigoma

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nacheka mawe ya mama mkwe. Ya pili nilishika kalamu, nikapigia mstari maneno uliyoyapitia mbiombio ukielekea kumshukuru Mungu: mwezi wa tisa mliweka simtanki. Mwezi wa kumi barafu ikawa ganda la yai. Ugonjwa uliingilia hapo, na haukuingilia mlangoni mwa friji, umeingilia juu ya mnara.

Kwanza nikutoe hofu ya laki tatu na nusu. Kijana alisikia mota inaunguruma akasema imekufa. Maiti haiungurumi. Ukisukuma glasi, swichi ndogo nyuma ya kile kidirisha inapeleka habari, umeme unafika kwenye mota, nayo inajitahidi kuzungusha kile chuma kilichojisokota chini ya ndoo ya barafu, kinachofanana na kile cha mashine ya kusaga nyama. Ikinguruma bila kuzunguka, mara nyingi maana yake chuma kimeshikwa na barafu iliyogandamana. Ingekuwa kimya kabisa, hapo ningeanza kuuliza habari za swichi na bodi. Na hata ikiwa kimya, nyumba yenye watoto huanza kwa kutazama kama mlangoni pamewaka alama ya kufuli. Mengi ya mafriji haya yana kitufe cha kufunga, ukikikandamiza sekunde chache mlango wote unagoma. Nimewahi kuvuka mji kwa bodaboda na mkoba wa vifaa, kumbe mtoto wa miaka minne ndiye aliyefunga. Nauli nililipwa, ila mwenye nyumba hakunitazama usoni.

Sasa sikiliza barafu inavyotengenezwa humo, maana ukishaielewa hutadanganywa tena. Nyuma ya friji, karibu na sakafu, kuna vali ndogo inayofunguliwa kwa umeme. Friji likitaka barafu, linaifungua kwa sekunde chache tu, saba hivi kwa aina nyingi za zamani, kisha linaifunga. Maji yanapanda kwenye kale kampira, yanapita kwenye kitundu cha juu, yanaingia kwenye trei. Yakiganda sawasawa, kihita kidogo kinaipasha trei kwa chini, vipande vinaachia, vijiti vinavisukuma vianguke ndooni. Ndiyo yale mawe ya usiku.

Tia akilini kwamba friji halipimi maji, linahesabu sekunde. Maji yakija kwa nguvu, sekunde hizo zinajaza trei. Yakija kwa kudondokadondoka, trei inapata nusu, na nusu hiyo ndiyo vipande vyembamba na maganda ya mayai. Vitabu vya mafriji haya kwa kawaida vinataka presha isiyopungua psi 20, yaani bar 1.4 hivi. Na presha ya tanki haitokani na wingi wa maji, inatokana na urefu: maji yakisimama mita 10 kwenda juu yanakupa bar 1. Mnara wa nyumbani huwa na mita tatu, ongeza tanki lenyewe likiwa limejaa, jumla mita nne na kidogo. Hiyo ni kama bar 0.4. Ili lifikie bar 1.4 ungelipandisha mita 14, juu ya paa la ghorofa ya tatu, na jirani zako wangesema mnajenga msikiti. Lita 1,000 au lita 5,000 ni mamoja, urefu ndio unaosema. Wakati friji linaingia, lilikuwa linanywa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, na bomba la mtaa siku za maji lina nguvu zake. Ndiyo maana mwaka jana halikuwa na neno.

Na ule ulimi wa barafu? Vali hiyo ndani yake ina kipande cha mpira, na kinachokisaidia kujifunga sawasawa ni nguvu ya maji yenyewe kukikandamiza. Maji yakiwa manyonge, mpira unakaa nusu nusu, vali inavuja tone baada ya tone hata ikiwa imezimwa. Tone linapita kwenye kitundu, linakutana na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, linaganda kabla halijafika. Tone la pili juu yake. Ndio ulimi wako. Mwisho kitundu kinaziba, maji yakija hayana pa kwenda, yanashuka kwenye ukuta wa friza, yanaganda hovyo, mengine yanaingia ndooni na kugundisha vipande. Vali inaweza kuvuja kwa uchafu pia. Maji ya ziwa letu yana chumvichumvi na magnesi, tazama ukoga mweupe ndani ya birika lako, huo huo unajishika kwenye vali. Kwa hiyo nashuku mnara kwanza, na nina mashaka kidogo na ukoga.

Usiniamini kwa maneno, lipime. Chomoa friji ukutani lakini koki ya maji iache wazi. Kausha ulimi kwa namna nitakayokwambia hapa chini, kisha tazama kile kitundu kwa tochi ya simu robo saa. Friji halina umeme, kwa hiyo vali haina ruhusa ya kufunguka. Ukiona tone, vali haifungi.

Lingine ni filta. Barua yako haikuitaja, na asiyeitaja kwa kawaida hajui kama ipo. Ni kama kopo refu, huwa ndani ya friji kwenye pembe ya juu, au chini kwenye kizuizi cha mbele. Inatakiwa ibadilishwe kila miezi sita hivi. Yako imekuja na ya mwenye friji wa kwanza, na tangu Ramadhani ya mwaka jana hamjaigusa. Maji manyonge ya tanki yanapita kwenye filta iliyoziba, unategemea nini? Jaza glasi moja ya maji baridi pale mlangoni ukihesabu sekunde. Itoe filta, weka kifuniko chake kama kilikuja nacho (aina nyingine zinapitisha maji bila kifuniko), jaza glasi tena. Ikijaa upesi zaidi, filta imeziba. Zikilingana, rudi kwenye mnara.

Tuje kwenye kisu. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, unisamehe, na baba watoto anisamehe. Kisu, bisibisi, nyundo, na moto wa aina yoyote visiingie kwenye friza. Kampira kale kakichomwa hakashoneki. Nyuma ya ubao wa ndani kuna mabomba membamba ya gesi, ukiyatoboa umelinunua friji lingine. Tena mafriji mengi ya miaka hii yanatumia gesi inayoshika moto. Tazama kibandiko cha kompresa nyuma, ukiona R600a ndiyo hiyo. Ni kidogo, haitalipua nyumba kwa kukaa kwake tu, lakini si ya kuichokonoa kwa kisu huku mtu ameshika kibiriti. Na birika la maji yanayotokota liishie kwenye chai. Plastiki iliyo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri ukiimwagia maji ya moto inapasuka kama glasi, na ndoo ile ikipasuka huipati Mwanga wala Gungu.

Fanyeni hivi. Siku ambayo huuzi, asubuhi, chomoeni friji na mfunge koki ya maji. Samaki wahamie kwenye kasha la barafu la jirani. Ndoo ya barafu hutoka, mara nyingi inanyanyuliwa kidogo halafu inavutwa kwako. Ina uzito, ishike kwa mikono miwili. Barafu yote itupe, hiyo ya samaki hata ng'ombe hatainywa. Ndoo iwekwe kwenye beseni, iyeyuke yenyewe au kwa maji ya vuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto. Chuma kile kikishaachia, kizungushe kwa mkono: kikizunguka bila kukwama, mota ya kijana yule imefufuka bila hata shilingi. Ioshe kwa sabuni, isuuze, na ikauke kabisa kabla ya kurudi. Tone moja lililobaki ndani ndilo litakalogundisha kipande cha kwanza, na msiba utaanza upya.

Ulimi wa juu ukubali kungoja. Acha mlango wazi na taulo chini, saa mbili tatu zinatosha kuulegeza mwingi wake, joto la Kigoma ni fundi tosha. Mkitaka haraka, azimeni draya kwa dada wa saluni. Iwekwe kwenye joto dogo, iwe mbali kiasi cha kiganja, isogezwesogezwe, isisimame mahali pamoja, na mshikaji asimame pakavu, waya usiguse kidimbwi. Kilichobaki ndani ya kitundu kinatolewa na bomba la sindano lisilo na sindano: vuta maji ya vuguvugu, sukuma taratibu, subiri, rudia. Kazi hii mpe baba watoto. Inataka mkono uliozoea redio.

Na huku amekaa hapo, apitishe kitambaa chenye maji ya vuguvugu kwenye kile kijilango kidogo ambacho barafu inatokea. Kikishikwa na kipande cha barafu kikabaki wazi, hewa ya jikoni inaingia mchana kutwa, njia nzima inajaa utando wa barafu, na huko ndiko sehemu ya kile kidimbwi inakotoka.

Vali nayo muitazame, bado friji likiwa limechomolewa. Fungueni kale kampira nyuma ya friji. Ndani ya mdomo wa vali kuna kiwavu kidogo. Kikiwa na mchanga au ukoga, kisuguliwe kwa mswaki wa zamani na siki, kisuuzwe. Mkiishie hapo. Vali yenyewe msiifungue. Kama baada ya kurekebisha presha bado inavuja, inanunuliwa nyingine, na hilo ni badiliko la skrubu mbili na plagi moja. Mchukue vali ya zamani mkononi mwende nayo dukani, maana ukisema tu "vali ya friji" utarudi na ya mashine ya kufulia.

Mkishasafisha yote hayo na kuliacha friji kwenye maji ya tanki kama lilivyo, baada ya mwezi mtaniandikia barua hii hii. Njia naziona tatu. Ya kwanza, fundi bomba atoe tawi la friji kwenye lile bomba linalopandisha maji kwenye tanki, kabla halijapanda, na aweke koki yake. Siku za maji friji linapata nguvu ya mtaa, siku za mgao mnazima utengenezaji wa barafu, aina nyingi kuna mkono wa waya mnaouinua au kitufe. Ni rahisi kuliko zote, na mimi ningeanza nayo. Ya pili ni pampu ndogo ya kuongeza presha, inayojiwasha yenyewe koki ikifunguka. Inyonye kwenye tanki, msiifunge inyonye bomba la mtaa, mtawanyang'anya majirani na kuvuta uchafu wa kwenye nyufa za mabomba. Inafanya kazi vizuri, ila umeme ukikatika nayo imelala. Ya tatu utaichukia: acha mlango upumzike, nunua trei za plastiki.

Nina sababu ya kuitaja hiyo ya tatu, na si ubahili. Wewe unauza. Barafu haiui vijidudu, inavilaza tu, vikifika kwenye juisi vinaamka. Na filta ya friji kwa kawaida ni ya mkaa, inaondoa harufu na ladha ya dawa, haiyageuzi maji machafu kuwa salama. Wakati mnakunywa bomba la mtaa ilikuwa habari moja. Sasa maji yanalala kwenye tanki, je, lina kifuniko kinachofunga? Limeoshwa lini? Mjusi hajaoga humo? Huku kwetu kandokando ya ziwa kipindupindu hakihitaji kusimuliwa. Hata mlango ukipona, barafu ya wateja ningekushauri uifanye kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwenye trei zenye mfuniko. Ya mlangoni iwe ya kupoza nje ya chupa. Mwanao anaweza kuendelea kuwaonyesha watu glasi ikijazwa, utumbuizo haudhuru mtu.

Habari ya umeme ni fupi. Ukikatika saa nyingi, barafu inayeyuka kwa juu, ukirudi inaganda ikiwa imeshikana. Umeme ukirudi fungua mara moja, itikise ndoo, iliyoshikana itupe. Hata usipokatika, barafu ikikaa wiki bila kutumiwa vipande vinakonda na kushikana, kwa hiyo idondoshwe kila siku japo glasi moja. Na kama hamna kile kifaa cha ukutani kinacholichelewesha friji dakika chache umeme unaporudi, hicho ndicho cha kununua kabla ya mengine yote niliyoyataja. Kompresa ikifa hakuna draya ya saluni itakayoifufua.

Mgebuka sasa. Barafu hunyonya harufu kama nguo inavyonyonya moshi, na ndani ya friji hilo hewa inazunguka kwa feni, kwa hiyo harufu ya samaki inatembezwa kila chumba. Kila samaki kwenye chombo chenye mfuniko, dagaa nao, hata wakavu. Tena msiwarundike mbele ya matundu ya hewa ya friza. Trei ya barafu haiachii vipande mpaka ipoe vya kutosha, nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, na ukiingiza kilo kumi za mgebuka wa moto wa jua jioni, usiku huo usitegemee mawe kuanguka. Mama mkwe atalala vizuri.

Juu ya kijicho sina la kusema mbele ya mama yako mkwe, ila mwambie kwa heshima kwamba Liemba, meli ya ziwa letu, nayo ililetwa huku kwa treni ikiwa vipande vipande, ikatazamwa na mji mzima, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini. Kutazamwa hakukuiua.

Umeniuliza umfanye nini yule wa sebuleni. Ulimzuia mara mbili na mara zote mbili ulikuwa na haki, kisha ukaita mgeni, na mgeni akaja kusema uongo. Sasa yule bwana ana makosa yake mawili na la fundi la tatu, yote kichwani mwake. Usimpelekee barua hii umsomee kama hukumu. Iache mezani karibu na chai. Mtu anayefungua pasi na redio akisoma habari ya bar na mita atanyanyuka mwenyewe akatafute futi kamba.

Mkimaliza, mchomeke, mfungue koki, msubiri saa 24 kabla ya kulalamika. Barafu ya mizunguko miwili mitatu ya kwanza mtupe, itakuwa na ladha ya siki na plastiki. Na mwambie baba watoto apime mnara kuanzia sakafu ya jikoni hadi usawa wa maji kwenye tanki. Ukizidi mita tano nimekosea hesabu, aniandikie yeye, si wewe.

Mzee Fundi